Picha za zamani za askari na kambi za vita, Mwanza na kando ya Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wenye picha ya babu aliyevaa kaptula na kushika bunduki, kwa walimu wa historia, na kwa wanaokusanya picha za mji. Majibu yanahusu Mwanza, Ukerewe, Bukoba na maeneo jirani, kuanzia enzi ya Wajerumani hadi vita vya Kagera.

Nina picha isiyo na maandishi yoyote. Nianzie wapi?

Anza na vitu vilivyo nyuma ya watu. Sura ya askari haisemi mwaka, lakini jiwe, gati, meli na reli vinasema.

Ziwa lenyewe linasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwisho wa 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, na kwa miaka mingi baadaye hayakurudi yalikokuwa. Kwa hiyo tafuta picha unayojua tarehe yake inayoonyesha Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, au mawe mengine ya ufukweni, kisha linganisha: sehemu kiasi gani ya jiwe imetoka majini, na ufukwe una upana gani. Jiwe likiwa limesimama juu sana, na mbele yake kuna mchanga au mawe madogo ambayo leo huyaoni, picha huenda ni ya kabla ya 1961. Tahadhari moja: mwaka 2006 maji yalishuka sana, na 2020 yakapanda mno. Usitumie picha ya simu ya miaka hiyo miwili kama kipimo chako.

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Picha yenye stesheni, mabehewa au taruma haiwezi kuwa ya vita vya kwanza vya dunia, hata kama nyuma yake pameandikwa 1916.

Meli nazo zina miaka yake. Winifred, Sybil, Clement Hill na Nyanza zilikuwa ziwani kabla ya 1914. Usoga ilifuata mwaka 1913. MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Ukiweza kusoma hata herufi tatu ubavuni mwa meli, umepunguza kazi nusu.

Nyuma kuna muhuri au stempu. Inasaidia?

Sana. Kadi za posta za Kijerumani zenye mstari unaogawa upande wa nyuma, kushoto ujumbe na kulia anwani, zilianza 1905. Kadi isiyo na mstari huo kwa kawaida ni ya kabla yake. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani ziliandikwa pesa hadi 1905, baadaye heller. Stempu iliyogongwa herufi G.E.A. ni ya utawala wa Waingereza baada ya kuteka nchi, na ile yenye kichwa cha twiga na neno Tanganyika ni ya kuanzia 1922.

Angalia pia tahajia ya mji. Wajerumani waliandika Muansa. Lakini kadi ya zamani ingeweza kuuzwa na kutumwa miaka mingi baada ya kupigwa, kwa hiyo muhuri wa posta unakupa mwaka ambao picha ilikuwa tayari ipo. Mwaka wa kupigwa unaweza kuwa wa nyuma zaidi.

Nitatofautishaje askari wa Mjerumani na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki)?

Watu wengi hutazama kofia kwanza. Tazama bunduki.

Askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, mwaka 1914 wengi walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871: ndefu, ya risasi moja moja, haina kisanduku cha risasi chini, na ilitumia baruti inayotoa moshi mweupe. Mauser ya mwaka 1898 ina kisanduku kilichofichwa ndani ya mbao. Bunduki ya Waingereza ya Lee-Enfield ina kisanduku kinachochomoza mbele ya kifyatulio, na ile fupi ina mtutu ulioishia karibu sawasawa na mbao, kama imekatwa. Ukiikuza picha utaona tofauti hiyo hata kama sura za watu zimefifia.

Bunduki zilitekwa na kutumiwa na pande zote mbili, kwa hiyo usiamue kwa bunduki moja. Hesabu safu nzima. Wanne wakiwa na Lee-Enfield na mmoja Mauser, hao ni wa Mwingereza.

Kofia: askari wa Mjerumani huonekana na kofia ndefu yenye kitambaa cha kakhi kinachoshuka kufunika shingo, au tarbushi yenye beji ya tai. Mwaka 1914 kikosi cha Mwanza kilikuwa Kampuni ya 14, na cha Bukoba Kampuni ya 7. Vyeo vyao vilikuwa ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na efendi juu kabisa. Ukikuta neno mojawapo limeandikwa nyuma ya picha, umepata upande wa vita bila kubahatisha.

Kosa linalojirudia ni la rangi. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1930 hazikuona rangi nyekundu: tepe nyekundu hutoka nyeusi, na samawati hutoka karibu nyeupe. Ndiyo maana anga ya ziwa katika picha hizo ni nyeupe tupu. Usiandike «tepe nyeusi» kwa sababu tu unaziona nyeusi.

Halafu kuna mkanganyiko mwingine. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 KAR wakitumia askari waliowahi kumtumikia Mjerumani. Mtu yuleyule anaweza kuwa na picha mbili, kila moja na jeshi lake, na familia ikadhani moja ni ya ndugu yake.

Picha inaonyesha askari wenye mavazi tofauti na hayo yote.

Fikiria Wabelgiji. Majeshi yao yalishuka kutoka Rwanda na Burundi mwaka 1916, yakafika upande wa kusini-magharibi wa ziwa, na Septemba mwaka huo yakaingia Tabora. Fikiria pia rugaruga, wapiganaji wa msaada ambao mara nyingi hawakuwa na sare.

Na kabla ya yote hayo, fikiria polisi. Picha nyingi zinazoitwa «jeshi» ni za polisi wa boma, magereza, au matarishi wa watemi. Kichwa cha twiga kilikuwa nembo ya serikali ya Tanganyika. Ukikiona kwenye beji, usikimbilie kuandika KAR. Rungu badala ya singe ni ishara nyingine.

Ni matukio gani ya vita vya kwanza yaliyopigwa picha upande huu wa ziwa?

Mawili ndiyo yanayojaza makusanyo.

La kwanza ni Bukoba, Juni 1915. Waingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka kaskazini mwa mji, wakapigana siku mbili, wakabomoa kituo cha simu ya upepo na ngome, kisha wakaondoka. Ukiona mlingoti mrefu wa chuma umeanguka, au maboti yamejaa askari wenye helmeti za jua, anza na Bukoba.

La pili ni kutekwa kwa Ukerewe Juni 1916 na Mwanza tarehe 14 Julai 1916, chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe. Wajerumani waliondoka kuelekea kusini, Tabora. Picha za Mwanza za wakati huo huonyesha mji usio na mapigano: askari wamesimama mbele ya majengo, mizigo gatini, wapagazi kwenye foleni.

Wapagazi wanastahili macho zaidi. Hao ndio vita vyenyewe. Upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufika milioni 1. Katika picha utawajua kwa mzigo kichwani au begani na kwa kibati cha namba shingoni. Kuza picha uone kama namba inasomeka. Mara nyingi hicho ndicho kitambulisho pekee kilichobaki.

Kambi ya mafunzo ninaitambuaje, nisiichanganye na kambi ya kawaida?

Kuruta wanajulikana. Sare haijawakaa mwilini, hawana beji wala tepe, na wengi hawana bunduki au wanashika fimbo za kufanyia kwata. Mkufunzi yuko pembeni ya safu, hakukaa katikati kama afisa kwenye picha ya heshima. Tafuta kiwanja kilichofagiliwa chenye mawe yaliyopakwa chokaa pembezoni, vibanda vya nyasi vilivyopangwa mstari mmoja, tuta la udongo la shabaha, na magunia yaliyotundikwa ya kuchomea singe.

KAR ilianza vita vya kwanza na vikosi 3 ikamaliza na 22 mwaka 1918, kwa hiyo kambi za muda zilichipuka kila mahali na kufutika. Kibanda cha nyasi hakiachi msingi. Ukienda leo mahali hapo usitegemee kukuta kitu zaidi ya mstari wa mawe.

Kambi zenye wazungu wengi, wanawake na watoto kati ya vibanda vya duara, zikiwa na tarehe za 1942 hadi 1950, mara nyingi si za jeshi kabisa. Ni za wakimbizi wa Kipolandi. Tanganyika walikuwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Kando ya ziwa letu, upande wa Uganda, walikuwa Koja.

Babu alisema alikwenda «vita vya Wajerumani». Ni vipi?

Wazee waliita hivyo vita vyote viwili. Usimuulize bibi mwaka, muulize njia. Walikwenda kwa miguu siku nyingi, au walipanda meli ya baharini? Alitaja Abesinia, Bukini, Seiloni au Bama?

Abesinia, yaani Ethiopia, ni 1941. Bukini, yaani Madagaska, ni 1942. Seiloni, Sri Lanka ya leo, ni mafunzo ya 1943 na 1944. Bama, yaani Burma (Myanmar ya leo), ni nusu ya pili ya 1944 kuendelea, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, ambako daraja refu la chuma lilijengwa Kalewa Desemba 1944. Beji ya divisheni hiyo begani ni kichwa cha kifaru. Ukiona kifaru na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, swali la «vita gani» limekwisha.

Kama familia inasema alizama baharini, jaribu tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikielekea Colombo, ikiwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu watu 1,300 walikufa.

Medali ziko kifua cha kulia. Ni kosa?

Ama picha imegeuzwa, ama mvaaji si mwenye medali. Medali zako mwenyewe huvaliwa kushoto. Ndugu wa marehemu huzivaa kulia. Kuamua, tazama vifungo vya shati: vya wanaume hufunga upande wa kushoto juu ya kulia. Tazama mkono wa bolti wa bunduki, ambao hukaa kulia. Tazama herufi zozote. Vyote vikiwa kinyume, hasi (negativu ya filamu) iliwekwa ikiwa imegeuzwa upande wakati wa kusafisha picha. Geuza nakala ya kompyuta, na uandike kwamba umegeuza.

Nina picha za vita vya Kagera. Zinahesabika kuwa za zamani?

Zinahesabika, na zinapotea haraka kuliko za 1916, kwa sababu picha za rangi za miaka ya 1970 hufifia hata zikiwa gizani, hubadilika kuwa nyekundu au njano. Hizo ndizo za kuskani kwanza.

Tarehe za kukusaidia: uvamizi wa mwisho wa Oktoba 1978, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mwanza yenyewe ilifikiwa: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ililenga mji, bomu likakosa na kuangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, likaua swala. Askari waliokufa wengi wamezikwa Kaboya, Muleba.

Kwa picha hizi tofautisha JWTZ, JKT na mgambo. Mgambo wakati huo mara nyingi walivaa mchanganyiko wa sare na nguo za nyumbani, na mazoezi yao yalifanyika viwanja vya shule. Ukiona goli la mpira nyuma ya safu, fikiria mgambo.

Niskani vipi?

Picha ya ukubwa wa kadi ya posta, dpi 600 (nukta kwa kila inchi) inatosha. Ndogo ya sentimita 6 kwa 9, tumia 1200: utapata takriban nukta 2,835 kwa 4,252, na faili la TIFF la rangi la kama MB 36. Hasi za filamu, 2400 hadi 3200. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana madoa, wino na muhuri hutenganishwa kwa rangi. Skani na nyuma pia, hata pakiwa patupu.

Zima kila kitufe cha «kuboresha» kwenye skana. Vinalainisha sura na kufuta namba za kofia.

Kama huna skana, simu inafaa. Weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, simama na simu ikiwa sambamba na picha kabisa, na ushike kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kisiakisiwe kitu chochote. Piga kutoka mbali kidogo, kisha vuta. Karibu mno, lenzi hupinda kingo. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha inabanwa, na namba ya kibati uliyoisoma kwako mwenzako hataiona.

Picha imeganda kwenye kioo cha fremu. Niitoeje?

Usiitoe. Unyevu wa masika umelainisha jelatini ya picha ikashika kioo kama gundi. Ukivuta, sura itabaki kwenye kioo. Usiloweke, usipashe moto. Toa ubao wa nyuma tu, acha picha na kioo pamoja, piga picha kupitia kioo, kisha hifadhi vyote viwili kwa pamoja. Unapoweka picha nyingine kwenye fremu, tanguliza ukanda wa kadibodi pembezoni ili isiguse kioo.

Kuhifadhi nyumbani bila gharama kubwa?

Adui wako ni unyevu, joto la paa la bati, mende na mchwa, kwa mpangilio huo. Sanduku la bati ni zuri kuliko kabati la mbao mbichi, mradi likae juu ya matofali angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje. Kila picha katika bahasha ya karatasi nyeupe isiyo na gundi upande unaogusa sura, au mfuko wa poliesta. Mfuko laini unaonuka kama pazia jipya la bafuni ni PVC. Hutoa mvuke unaokula picha. Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu yake ni mbaya zaidi, na laminesheni ni hukumu ya kifo: haifunguki tena.

Mng'ao wa rangi ya fedha kwenye kingo za giza ni madini ya picha yenyewe yaliyopanda juu. Usiufute. Vifuko vya kunyonya unyevu kutoka maboksi ya viatu hujaa baada ya wiki chache na kuacha kufanya kazi.

Kuandika nyuma tumia penseli laini, 2B, pembeni, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hutokea upande wa pili.

Niandike maelezo gani chini ya picha?

Tenga mambo matatu, usiyachanganye katika sentensi moja: kilichoandikwa kwenye picha, neno kwa neno na makosa yake, kilichosemwa na familia, nani alisema na mwaka gani, na ulichokisia wewe, na kwa ushahidi gani. Mfano:

«Nyuma: "Muansa 1915", penseli. Mjukuu, Ilemela, 2019: huyu wa pili kushoto ni babu mzaa baba. Makisio: bunduki tano zote ni Lee-Enfield fupi, kwa hiyo huenda ni baada ya Julai 1916, tarehe ya nyuma ina shaka.»

Inachosha kuandika hivyo. Lakini maelezo ya aina ya «Askari wa Mjerumani, Mwanza, vita vya kwanza» yakishaingia mtandaoni hunakiliwa mara mia, na hayatoki tena.

Niipake rangi kwa programu?

Tengeneza nakala ya kufurahisha watoto, sawa. Isiwe ndiyo inayosambazwa. Programu hazijui rangi ya tepe wala utepe wa medali. Zinabahatisha, na kesho mtu atatambua medali kwa rangi iliyobuniwa.

Kumbukumbu rasmi ziko wapi?

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya wilaya. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni mkusanyo wa picha za makoloni ya Kijerumani. Tafuta kwa tahajia Muansa, Ukerewe na Bukoba. London kuna Imperial War Museums kwa picha, na Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwa shajara za vikosi vya vita vya kwanza, kundi WO 95. Shajara hizo humtaja afisa kwa jina na askari kwa idadi, kwa hiyo nenda ukiwa na jina la kikosi na tarehe.

Kwa waliokufa, tafuta kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Jina lisipokuwepo, haina maana hakufa vitani. Taarifa ya tume hiyo ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au pengine hawakukumbukwa popote.

Naweza kwenda kupiga picha ya leo mahali palepale?

Gati, vivuko, madaraja, uwanja wa ndege na kambi za jeshi usipige bila kibali. Baadhi ya maeneo ya zamani bado yanatumiwa na vyombo vya ulinzi. Anzia serikali ya mtaa, eleza shughuli yako, beba nakala ya picha ya zamani mkononi. Usivae sare wala kitu kinachofanana na sare ili «kuigiza» picha ya babu. Sheria hairuhusu raia.

Nimeokota chuma kinachofanana na bomu.

Usikiguse, usikisogeze, usikipige picha kwa karibu. Weka alama ya matawi umbali wa hatua kadhaa, zuia watoto, mwite mwenyekiti wa kijiji na polisi. Hili lina uzito zaidi upande wa Kyaka na Mutukula. Kutu haimaanishi kimekufa; kiwashio kilicholiwa na kutu ndicho hatari zaidi.